Mtamba Mwekundu wa Mzee Masele

Shishiyu, Maswa
12 Januari 2025

Mwanangu Klementina,

Mwangaluka. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku wazima. Mama yako mdogo Kwandu hajambo, ila lile jino bado linamsumbua na hataki ling'olewe, anasema wameshazoeana. Mvua imenyesha ya kutosha, pamba imeota, na magugu yameota kuliko pamba. Ng'ombe hawajambo. Mbuzi mmoja alikula mfuko wa nailoni, tukamchinja kabla hajamaliza kufa.

Utasema mbona baba mdogo ananiandikia barua na watu siku hizi wana simu. Simu ninayo. Lakini mtandao wa hapa kwetu unaujua: mpaka upande kwenye kichuguu cha pale shuleni, na ukishapanda lazima upige kelele, na ukipiga kelele walimu, wanafunzi na mama muuza maandazi wote wanajua habari zako. Juzi nilimpigia mnunuzi wa choroko, na kabla sijafika nyumbani nikakuta watu wanajadili bei yangu. Tena niliuza ng'ombe kumi na mmoja ili usome mpaka chuo kikuu. Nina haki ya kuuona mwandiko.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mtu mmoja hapa kijijini, wa makamo yangu. Jina simtaji kwa kuwa ni mtu anayeheshimika. Alikwenda zahanati kwa ajili ya kichwa, muuguzi akamfunga ule mpira mkononi, akapima, akatazama, akapima tena. Akamwambia presha iko juu. Akampa vidonge, akamwambia apunguze chumvi, na afanye mazoezi. Huyo mtu ana miaka sitini na mbili. Amelima kwa jembe tangu utotoni, na alipoanza kukodi trekta ndiyo kwanza amepumzika akapata mwili. Kitambi chake kinajulikana mpaka Maswa mjini. Amekihangaikia miaka arobaini, amekipata, anaambiwa ni ugonjwa!

Nikamwambia nitamuulizia kwa mwanangu, msomi, anayekaa Bariadi kwenye ofisi yenye feni. Hayo mazoezi yanafanywaje? Mtu mzima mwenye heshima zake anafanya nini hasa?

Nisalimie bosi wako.

Ni mimi baba yako mdogo,
Masele


Bariadi
2 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ningekuwa hapo ningepiga magoti, kwa hiyo yapokee haya ya kwenye karatasi. Mimi mzima, afya nzuri, chumba kile kile cha karibu na soko. Barua yako ilikaa kwa konda wa basi wiki mbili, anasema ilijificha chini ya gunia la dagaa, na nilipoifungua niliamini. Mpe pole mama mdogo, na mwambie jino halizoeleki.

Kazi inaendelea vizuri. Salamu zako za ofisini nimezipokea.

Kuhusu huyo mtu: mwambie mazoezi si adhabu. Aanze kutembea kwa haraka kila siku nusu saa, siku tano kwa wiki. Akizoea, achanganye na kukimbia polepole, kiasi kwamba anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Alfajiri ndiyo nzuri kabla jua halijawa kali. Kabla ya kuanza anyooshe miguu, na akimaliza asikae chini ghafla. Ugali apunguze theluthi, na chumvi asiongezee mezani.

Lakini kubwa kuliko yote, je, vidonge anameza? Nakuuliza kwa sababu baba yangu, kaka yako Dastan, aliambiwa maneno haya haya, akasema presha ni ya watu wa mjini. Ulikuwepo tulipomkuta kwenye pamba, upande mmoja wa mwili hauna habari. Siku ya nne tukamzika, na alikuwa na miaka hamsini na minne tu. Huyo mtu wako sitaki aishie hivyo, hata kama simjui jina.

Nijibu hilo la vidonge.

Mwanao,
Klementina


Shishiyu
23 Februari 2025

Mwanangu Klementina,

Mwangaluka. Sisi wazima, mama yako mdogo anakusalimu, jino lipo. Palizi tumemaliza. Binti wa jirani ameolewa kwa ng'ombe ishirini, nami nimekaa kimya, sijasema neno kuhusu mtu yeyote mwenye miaka ishirini na tisa.

Ushauri wako nilimfikishia yule mtu. Klementina, umesoma lakini umesahau ulikozaliwa.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri yule mtu alitoka kwake. Akanyoosha miguu nyuma ya zizi ili mkewe asione. Akashika njia ya kwenda mtoni, akaanza kukimbia polepole kama ulivyoelekeza. Sasa niambie, hapa Shishiyu, mtu wa miaka sitini na mbili, mwenye ng'ombe zizini, akionekana anakimbia alfajiri, watu watafikiri nini? Mke wa Joakim alikuwa anafagia uwanja. Akamwona. Akatupa ufagio, akapiga mwano.

Mwano hauwezi kuwa umeusahau. Ukipigwa ule ukelele, ng'ombe wameibiwa, na kila mwanaume anatoka na alichonacho, na kila nyumba inaupokea na kuupeleka mbele. Kufumba na kufumbua sungusungu wote wako njiani na marungu, na pinde, mmoja na mwiko wa ugali. Kamanda wao Ndaki alitoka na shuka. Wakamfikia yule mtu, wakamuuliza, "Wameelekea wapi?"

Angesemaje? Angesema nafanya mazoezi? Watu hamsini wameacha vitanda vyao, aseme anajikimbilia tu? Akanyoosha mkono kuelekea mtoni.

Wakaenda! Wakavuka mto, wakapita kijiji cha pili, mwano ukawatangulia, kijiji cha pili nacho kikatoka. Inasemekana walifika mpaka barabara ya lami. Walirudi saa nne wamelowa jasho, hawajaona hata kwato. Kijiji kizima kilifanya mazoezi siku ile, isipokuwa mgonjwa mwenyewe, maana yeye nilikaa kwenye kisiki nikihema mpaka waliporudi.

Huyo mtu ametozwa beberu kwa kupeleka watu ovyo. Alisema macho yalimdanganya. Kwa hiyo tafuta mazoezi mengine, ya mtu ambaye hawezi kukimbia, hawezi kuchota maji kwa kuwa ni kazi ya wanawake, na hawezi kurudia jembe kwa kuwa watasema amefilisika.

Masele


Bariadi
20 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua ilifika mapema, ila kila nilipokaa kuijibu nacheka, kalamu inachora mistari. Nimemsomea rafiki yangu Gloria hapo kwenye mwiko wa ugali, akatoka nje kupumua. Pole sana kwa beberu. Mfikishie pole huyo mtu, namaanisha.

Mimi mzima. Kazi inaendelea vizuri.

Nimefikiria hivi. Tatizo siyo miguu ya huyo mtu, tatizo ni sababu. Shishiyu hakuna anayemuuliza mwanaume aliyebeba fimbo na kutembea haraka anatazama huku na huku, akitafuta ng'ombe aliyepotea. Huyo anaweza kupita shamba la mtu yeyote, kupanda kilima, kuvuka mto, saa yoyote, na watu watampa pole na maji ya kunywa. Basi mtu wako apoteze ng'ombe. Simaanishi ng'ombe wa kweli. Aseme tu kapoteza mtamba mmoja, amtafute kila asubuhi saa nzima, arudi nyumbani na huzuni kidogo.

Umesema unataka kuja Bariadi kuona ofisi, konda kaniambia. Usije kwa sasa, baba. Ofisi inapakwa rangi na harufu yake ni mbaya kwa mtu mwenye presha. Au kwa mtu anayemfahamu mwenye presha.

Na lile la vidonge hukunijibu.

Klementina


Shishiyu
28 Aprili 2025

Mwanangu Klementina,

Mwangaluka. Kristo amefufuka. Pasaka tulichinja jogoo. Kwandu amekubali kung'oa jino baada ya kugombana na mfupa. Ofisi gani inapakwa rangi mwezi mzima? Ni kanisa?

Mambo yameharibika.

Mwanzo yalikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Nilisema, yaani yule mtu alisema, amepotelewa na mtamba. Wiki mbili alitembea raha mustarehe, fimbo begani. Suruali ikaanza kulegea. Lakini watu wa hapa wana huruma, na huruma ina maswali. Rangi gani? Akasema mwekundu. Ana alama? Akasema baka jeupe kwenye paji. Siku ya pili wengine wakauliza pembe, akasema ya kulia imeinama. Alhamisi katekista akauliza masikio, na yule mtu kwa kuchoka kuulizwa akasema la kushoto limekatwa ncha. Jumapili mtamba akatangazwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa. Kamanda Ndaki akatuma habari kwa sungusungu wa vijiji vyote.

Jumatano tumekaa tunakula, tukasikia vigelegele. Natoka nje, namwona Mwandu, yule wa ng'ambo ya mto, anakuja na umati nyuma yake, na mbele yake mtamba mwekundu. Baka jeupe kwenye paji. Pembe ya kulia imeinama. Klementina, nikamshika sikio la kushoto. Limekatwa ncha!

Watu wanapiga makofi, Mwandu anacheka, anasema, "Masele, mali yako hiyo, nimemkuta kwenye majaruba ya mpunga." Mama yako mdogo akaja, akamzunguka mtamba mara mbili, akasema kwa sauti, "Baba Kulwa, huyu ni wa kwetu tangu lini?" Maana Kwandu anawajua ng'ombe wetu wote kwa majina.

Nikimpokea, nimekuwa mwizi wa mifugo na umri wangu huu. Nikimkataa, mimi ni mwongo niliyetangazwa kanisani. Nikatazama ule umati, nikaona nguvu za kutunga zimekwisha. Nikamwambia Kamanda Ndaki mbele ya watu wote kwamba sijapotelewa na mtamba, sijawahi kuwa na mtamba wa namna hiyo, na ule mwano wa Februari hapakuwa na wezi. Nikasema mimi ni mgonjwa wa presha, nimeambiwa nifanye mazoezi, na nimeona aibu.

Kisha akina mama wakaanza kucheka, wanaume wakafuata, na mtamba akanya. Ndiyo aibu yote niliyoikimbia miezi minne, na ilichukua muda mfupi kuliko kukamua ng'ombe.

Mwenyewe wa mtamba amepatikana, mjane mmoja wa upande wa Malampaka, alikuwa amekwisha kata tamaa. Alikuja akilia, akaniachia kuku wawili kwa kumtafutia ng'ombe wake, nikakosa hata pa kutazama. Sungusungu wamekaa wakanihukumu kwa uongo mara mbili. Ndaki kasema beberu hasaidii kitu kwangu. Nimehukumiwa miezi mitatu ya kutembea na doria ya alfajiri, kila siku, kijiji kizima mpaka malishoni na kurudi. Na aliposoma hukumu alikuwa anabana kicheko.

Sasa umejua kwamba yule mtu ni mimi. Nikimaliza kuvuna nakuja huko kuongea na wewe uso kwa uso, rangi ikauke isikauke.

Masele


Bariadi
19 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Nilijua tangu barua ya kwanza. Shishiyu hakuna kitambi kingine kinachojulikana mpaka Maswa.

Nimecheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga mlango, halafu nikakaa kitandani nikalia. Umenificha miezi minne. Mimi nilimzika baba mmoja nikiwa kidato cha tatu, na ukabaki wewe. Ukauza ng'ombe, watu wakakucheka kwamba unamsomesha mtoto wa kike wa marehemu badala ya kuoa mke wa pili. Hilo la kucheka hukuniambia, aliniambia mama mdogo. Sasa naomba unijibu kwa mara ya tatu: vidonge unameza? Ulianguka? Ulikwendaje zahanati kwa kichwa tu, wewe ambaye uliumwa na nyoka ukaenda mnadani kwanza?

Tafadhali usije mwezi huu wala ujao. Kazi ni nyingi, wakaguzi wapo, nitashindwa kukupokea inavyostahili. Nitakuja mimi.

Hukumu ya Kamanda Ndaki naiunga mkono. Mwambie aongeze.

Klementina


Shishiyu
30 Juni 2025

Mwanangu Klementina,

Mwangaluka. Tumevuna. Mama yako mdogo ana pengo na furaha. Haya yameisha, sasa nisikilize.

Nilikuja Bariadi. Siku ya Jumanne iliyopita. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kile kiwanda cha kuchambua pamba uliponiambia upo uhasibu, nimevaa koti, nimebeba karanga za bosi wako. Mlinzi akaniambia Klementina wa uhasibu mkataba wake ulikuwa wa msimu, uliisha tangu mwaka juzi. Halafu akafikiri kidogo akasema, "Au unamtafuta Klementina wa mazoezi? Huyo kesho alfajiri utamkuta uwanjani."

Nikakaa kwenye jiwe la getini nikala karanga za bosi. Nilikasirika, mwanangu, sitakuficha. Nililala gesti nikimpanga kila ng'ombe kichwani, mmoja mmoja, na muhula aliokulipia.

Alfajiri nikaenda. Nilikuta watu kama arobaini, wanawake na wanaume. Binti mmoja, nadhani ndiye Gloria wako, akanidai elfu moja ya siku. Nikalipa ili nisijulikane, nikasimama mstari wa mwisho, kofia ya pama nimeishusha usoni. Ukatokea wewe. Ulikuwa umevaa suruali. Hilo tutaliacha.

Ukapuliza filimbi, na watu wote wakanyamaza. Pembeni yangu alikuwepo bwana mmoja mnene anayehema, baadaye nikaambiwa ni mkuu wa idara. Huyo ningekwenda ofisini kwake ningekalia benchi mpaka jioni. Akasema, "Mwalimu, nimechoka." Ukamwambia, "Bado kumi." Na akazifanya zote! Kisha nikasikia, "Mzee mwenye kofia kule nyuma! Magoti juu, hapa hatuendi msibani!"

Tangu baba yangu afariki hakuna mtu aliyeniamrisha hivyo. Nikainua magoti.

Tulipomaliza nilitaka kuja kukugombeza. Nikaona unamshika mkono mama mmoja mzee, unampima mapigo kwa kutazama saa, unamuuliza, "Dawa umemeza leo?" Unamuuliza kwa sauti ile ile unayoniandikia mimi. Nikakumbuka Dastan, kwamba hakuwahi kupata mtu wa kumsumbua namna hiyo, na mimi mdogo wake nilimwona anashika kichwa nikamwambia akanywe maziwa. Machozi yakanitoka, nikaenda stendi.

Ndiyo, nilianguka. Mwezi wa kumi na mbili, zizini, Kwandu akanikuta chini. Sikukuandikia kwa sababu moyo wako ulizikwa mara moja na sikutaka kuuzika tena. Nawe hukuniandikia kwa sababu ya ng'ombe. Tumekuwa wajinga wawili, tofauti ni kwamba ng'ombe wangu aliletwa na umati.

Masele


Bariadi
12 Julai 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Barua nimeisoma nimekaa chini.

Sina wa kumsingizia. Msimu ulipoisha nilizungusha vyeti ofisi kumi na saba. Nikawa nakimbia uwanjani asubuhi ili nisibaki chumbani nikiwaza, mama mmoja wa benki akaniomba akimbie nami, akaleta wenzake, wakaanza kunilipa kwa mwezi. Nikasoma kozi ya huduma ya kwanza na ya mazoezi. Uhasibu ulinifundisha kuhesabu, na sasa nahesabu: moja mpaka nane, tunarudia. Kodi nalipa, nakula, nabaki na kidogo. Kila mara nilitaka kukuandikia, nikafikiria ng'ombe kumi na mmoja wanakuja kuniuliza maswali uwanjani. Nisamehe.

Na nisamehe la msibani. Ningejua ni wewe ningesema kwa adabu, lakini magoti yangebaki pale pale, yalikuwa chini mno.

Jumatatu niliwaambia wote kuwa yule mzee wa kofia ni baba yangu. Mkuu wa idara kasema anaomba urudi, maana kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu aliyeshindwa mazoezi kuliko yeye.

Sasa umekubali kuanguka. Kubali na kingine: vidonge, na kipimo ni ngapi. Namba, baba. Niandikie namba.

Klementina


Shishiyu
3 Agosti 2025

Mwanangu,

Mwangaluka. Wote wazima.

Vidonge Januari mpaka Juni nilikuwa nameza siku nikikumbuka kuogopa. Tangu nirudi kutoka Bariadi nameza kila siku, Kwandu anasimama mpaka nimeze na maji. Kipimo kilikuwa 180 kwa 110. Ijumaa hii ni 138 kwa 86. Muuguzi Precious alipima mara tatu, akidhani mashine imeharibika.

Akachukua kadi mpya, akaniuliza nani ananisimamia. Nikataja Klementina binti Dastan. Akauliza, "Anafanya kazi gani?" Foleni ilikuwa ndefu, nusu ya Shishiyu iko kwenye benchi, wote wametega sikio. Nikasimama. Nikasema kwa sauti, mwalimu wa mazoezi, Bariadi.

Nikamngojea mpaka akaliandika jibu langu lote.

Baba yako,
Masele